Rola mbili za nailoni na magugu ya shamba langu la stroberi

Rola ya kwanza niliinunua Februari 2022, ya pili Machi 2023. Lebo zao zilisema mamoja: unene mikroni 30 (mikroni elfu moja ni milimita moja), upana mita 1.2, urefu mita 400, upande mmoja rangi ya fedha na upande wa pili mweusi. Ya kwanza ilidumu miezi mitano tu. Ya pili ilikaa shambani miaka miwili kamili, na siku ninaitoa bado ilikuwa inavutika bila kukatika. Naandika kwa sababu mwezi huu peke yake watu watatu wamenisimamisha njiani kuniuliza kama nailoni ya kutandika juu ya matuta inamaliza kweli magugu kwenye stroberi, na jibu la njiani halitoshi. Inamaliza mengi. Kuna mawili haiyawezi, na asiyeambiwa mapema atapoteza hela kama nilivyopoteza mimi.

Shamba langu liko Lushoto, bondeni, chini kidogo ya Soni, ubavuni mwa kijito. Si kubwa, ni kama sehemu moja ya kumi ya eka: matuta 20, kila tuta mita 18, mistari miwili ya miche kwa kila tuta, sentimita 30 kutoka mche hadi mche. Ukihesabu ni miche 2,400. Aina ni Chandler. Kabla ya nailoni nililima miaka miwili kwa jembe na mikono, kwa hiyo ninapolinganisha, nalinganisha udongo uleule na magugu yaleyale.

Mwenye mahindi hawezi kuelewa shida ya magugu kwenye stroberi mpaka apande mwenyewe. Mahindi ukipalilia mara mbili yamekuwa, yanajifunika yenyewe. Stroberi haikui kwenda juu. Inakaa palepale chini, haitupi kivuli cha maana, na inakaa hapo miaka miwili au mitatu, kwa hiyo hupati nafasi ya kulima upya kila msimu. Mizizi yake iko juujuu. Siku moja nilimfukulia binti yangu mche mmoja kwa vidole ili aone: mizizi mingi ilikuwa ndani ya sentimita 15 za juu, myembamba kama nyuzi za katani, na mingine ilipita sentimita tatu tu chini ya uso wa udongo. Jembe likipita hapo, unaondoa gugu na kukata mizizi ya mche kwa pigo moja. Mche hauonyeshi siku hiyo. Unaonyesha wiki inayofuata, saa saba mchana, majani yanapolegea wakati wenzake wamesimama.

Na bonde letu lina magugu ya kila tabia. Kishona nguo ndiye mwepesi kuliko wote, unamng'oa kabla hajafunga zile sindano zake nyeusi na amekwisha. Mchicha pori vivyo hivyo. Kuna lile la maua ya bluu linalotambaa, ambalo sungura wanalipenda sana. Ukilikata na kuliacha juu ya udongo wenye unyevu, kila kipande kinaota upya. Kuna lile la majani matatu mfano wa moyo, machachu, watoto hulitafuna wakitoka shule. Hilo ukilivuta linakuachia majani mkononi na vitunguu vyake vidogo vidogo vinabaki ardhini vikisubiri. Halafu kuna sangari, na kuna ndago. Hao wawili nitawarudia.

Kwa jembe na mikono, daftari langu la mwaka 2021 linaonyesha palizi kumi na moja. Wakati wa masika nilikuwa naingia kila baada ya siku kumi na mbili au kumi na nne, na bado matunda mengine niliyavuna kwa kuyatafuta ndani ya nyasi. Matunda yaliyofichwa hivyo yanachelewa kukauka umande, na ukungu wa kijivu huanzia hapohapo. Tunda moja likishaota lile vumbi la majivu, matatu ya jirani yanalifuata.

Sasa rola ya kwanza. Niliinunua kwenye duka la pembejeo mjini, sitalitaja. Niliitandika vizuri, nikapanda, mwezi wa kwanza na wa pili nilifurahi mno. Mwezi wa tatu ikaanza kupasuka kwenye kingo za matuta, mahali inapojikunja. Mwezi wa tano ilikuwa vipande, na kila mpasuko una gugu linalochungulia. Niliamini ni jua, nikaamini ni mbuzi, nikawalaumu hata vibarua. Kijana wangu aliyekuwa kidato cha nne ndiye aliyegundua. Kulikuwa kumebaki kipande cha mita 20 stoo, hakijatumika. Akasema, "Mama, tukipime uzito." Hesabu yake ilikuwa hivi: nailoni ya aina hii yenye unene wa mikroni 30, mita moja ya mraba ina uzito wa kama gramu 27 au 28. Mita 20 kwa upana wa mita 1.2 ni mita za mraba 24. Kwa hiyo kipande kile kilitakiwa kiwe na gramu 660 hivi. Tukakipeleka kwa jirani mwenye mizani ya kupimia sukari. Gramu 430. Yaani ni mikroni 20, imebandikwa lebo ya 30.

Kuanzia siku hiyo sinunui nailoni kwa kusoma lebo. Rola nzima ya mita 400 kwa 1.2, mikroni 30, inatakiwa kukaribia kilo 13 bila boksi la katikati. Ile nyembamba haifiki kilo 9. Tofauti hiyo hata mkono unaisikia, na mizani ya viazi iko kila mahali Lushoto. Muuzaji akikukatalia kupima, ondoka. Rola ya pili niliipima palepale dukani kabla sijatoa hela, na muuzaji hakuona vibaya, alinisaidia kuinyanyua.

Kuitandika ni kazi ya watu watatu, na muda wake ni saa sita mchana jua likiwa kali. Nailoni ikipata joto inalegea na kuvutika, mkiifukia pembeni ikiwa hivyo, jioni ikipoa inajikaza yenyewe juu ya tuta kama ngozi ya ngoma. Tuliyoitandika asubuhi na ukungu wa Soni, matuta mawili ya mwanzo, ilikuja kulegea mchana, upepo ukaingia chini ikawa inapigapiga na kusugua miche. Tuta liwe limesawazishwa vizuri, halina mabonge wala vijiti, upana wa juu sentimita 60 na kimo sentimita 20, ili ubaki na sentimita kumi za kufukia kila upande. Mipira ya matone, ile ya kumwagilia tone kwa tone, iwe imeshalazwa na maji yameshapimwa. Udongo uwe umelowa kabla ya kufunika, kwa sababu baada ya hapo mvua inaingia kupitia matundu tu.

Upande wa fedha uwe juu, mweusi chini. Weusi ndio unaoua magugu, mbegu ikiota chini yake haipati mwanga, inakuwa nyeupe kama uzi na kufa. Fedha inarudisha jua, udongo hauchemki Januari na Februari. Jirani yangu alitandika nyeusi pande zote mbili, na mwezi wa Februari matunda yake yaliyolalia nailoni yaliiva upande mmoja kama yamechomwa. Mwingine aliletewa ile inayoonyesha kama maji, akaambiwa ni bora. Ile inapitisha mwanga, chini yake magugu yakaota mazito na kuinua nailoni nzima juu.

Matundu ndiyo niliyojifunza kwa uchungu. Tunayatoboa kwa kopo: unatia makaa ya moto ndani ya kopo lenye mpini wa waya, unaligusisha juu ya nailoni kwa sekunde moja, linaacha duara safi. Ukingo wa duara unayeyuka kidogo na kuwa mgumu, kwa hiyo haupasuki kama wa kisu. Kwenye rola ya kwanza nilitumia kopo la maziwa, upana wake sentimita kumi. Nilidhani mche unahitaji nafasi. Ya pili nikatumia kopo dogo la tomato, sentimita tano. Linaonekana jambo dogo, lakini tundu la sentimita kumi lina eneo mara nne ya lile la sentimita tano, na magugu yote yaliyonisumbua yalitoka kwenye matundu. Kwenye tundu dogo mche ukishafungua majani matano sita unalifunika lote wenyewe. Wiki sita za kwanza, kabla haujafunika, unapita na vidole viwili, unashika gugu shingoni na kulivuta taratibu huku kidole kingine kimebana udongo karibu na mche. Ukilivuta ghafla linaondoka na mche wa jana.

Kwa kamba yenye mafundo kila sentimita 30, watu wawili tulimaliza matundu 2,400 kwa siku mbili.

Matokeo ya rola ya pili, mwaka wa kwanza: kishona nguo, mchicha pori, lile la bluu, yote yameisha juu ya matuta. Lile la majani matatu bado lilitokea kwenye baadhi ya matundu, ila kidogo, na kila nilivyolitoa lilikuwa dhaifu zaidi. Daftari halina palizi hata moja ya jembe juu ya tuta. Kuna kupita kwa mikono, asubuhi moja kila wiki tatu, peke yangu na ndoo.

Isipokuwa matuta manne ya upande wa kijito.

Wiki ya tatu baada ya kutandika niliingia asubuhi na kukuta nailoni ya tuta la mwisho imeota sindano. Nilifikiri ni umande unaong'aa. Nikainama. Zilikuwa ncha za kijani, ngumu, zimesimama wima, kila moja imetoboa nailoni kwa tundu lisilozidi njiti ya kiberiti. Nilihesabu kwenye hatua moja tu zikafika thelathini na kitu. Ndago. Mikroni 30 kwake si kitu. Ncha yake imekunjwa kama sindano ya mkeka, inasukuma kutoka chini mpaka ipite. Unapovuta juu, jani linakatika na kiazi chake kinabaki, kimeunganishwa na kingine kwa uzi, na hicho na kingine, kwenda chini. Wiki mbili baadaye matundu yale madogo yalikuwa yamekuwa makubwa na nailoni ya matuta yale imekuwa chujio.

Mzee jirani yetu, ambaye amelima bonde hili tangu sijaolewa, alipita. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akasimama akaangalia tuta, akaniuliza, "Kabla ya kufunika ulichimba?" Nikamwambia tulilima kwa jembe mara mbili. Akatikisa kichwa. "Jembe linaikata na kuitawanya, mwanangu. Hii inachimbwa kwa uma, unatoa kiazi kimoja kimoja, unakianika." Alikuwa na haki. Tulipolima mara mbili tulikuwa tumeisambaza ndago kutoka tuta moja hadi manne.

Sangari ni habari inayofanana, ila haitoboi sana. Inatembea kwa mizizi chini ya nailoni, inatokea kwenye tundu la mche au ukingoni, na ikishajikunja ndani ya mizizi ya stroberi huwezi kuitoa bila kuung'oa mche. Kwa hiyo anayeuza nailoni hii akikwambia inaua magugu yote, muulize kuhusu hao wawili. Kama shamba lako lina ndago au sangari, usinunue mwaka huu. Chimba kwanza kwa uma wakati wa kiangazi, anika, rudia yakiota tena, panda maharage au viazi msimu mmoja ukiendelea kuyatoa, ndipo ufunike. Naona uchungu kusema hivyo kwa mtu mwenye hamu ya kuanza, lakini stroberi ikishapandwa juu ya ndago hakuna njia ya kurudi nyuma.

Najua wengi watasema kuna dawa. Nilijaribu. Mwaka 2022, nailoni ya kwanza ilipochanika, muuzaji mmoja aliniuzia dawa ya kuua magugu, ile inayoingia kwenye jani na kushuka mpaka mzizini, akanihakikishia kwamba nikipiga kwenye njia tu stroberi hazitaguswa. Nilipiga asubuhi isiyo na upepo, bomba nimeliinamisha. Lakini stroberi hutoa yale matawi marefu yanayotambaa na kuotesha watoto, na mengine yalikuwa yameshashuka njiani. Dawa iliyoshika mtoto ilipita kwenye tawi mpaka kwa mama. Majani mapya yakatoka madogo, ya njano, yamejikunja. Nilipoteza miche kama mia mbili kwa kazi ya asubuhi moja. Sijarudia.

Njia kati ya matuta nailoni haizifiki, na hapo usipoweka kitu ndipo magugu yanapozaa mbegu na kuzirusha kwenye matundu. Nilianza na mabua ya mpunga kutoka Mombo. Yalikuja na mbegu zake, nikapalilia mpunga Lushoto. Nyasi kavu za hapahapa zilikuwa vilevile. Kilichonifaa ni majani makavu ya misonobari kutoka shamba la miti la jirani, gunia kwa gunia, unene wa vidole vinne. Hayana mbegu za magugu, hayaozi haraka, maji yanapita, na mvunaji hakanyagi tope. Naongeza kila kabla ya masika. Konokono wasio na gamba hujificha humo, hilo ni kweli, na wakati wa mvua naweka vipande vya mbao jioni, asubuhi navigeuza na kuwaokota.

Hayo matawi yanayotambaa pia yanabadilika ukiwa na nailoni. Watoto hawawezi kushika mizizi, wanalala juu yake na kukauka. Kwa kupunguza msongamano ni jambo jema, tuta halijifungi kama zamani. Lakini kama unategemea watoto hao kwa miche ya kupanda, tenga tuta moja lisilofunikwa, au weka vikopo vya udongo chini yao. Mimi nilitenga tuta moja pembeni, na hilo bado nalipalilia kwa mkono kama zamani.

Matunda ni masafi. Mvua ya masika ilikuwa ikirusha udongo juu ya tunda, na stroberi huwezi kuiosha ukaipeleka Dar es Salaam ikiwa salama. Sasa natoa shambani naweka kwenye vikasha moja kwa moja. Ukungu wa kijivu haujaisha, ila matunda ninayotupa ni machache kuliko zamani. Mteja wangu wa hoteli aliniambia mwenyewe kwamba mzigo wangu unakaa siku mbili zaidi.

Kuhusu bei, kila duka lina yake, kwa hiyo mimi naipima kwa palizi. Rola ya pili ilinigharimu sawa na palizi nne za vibarua kwa shamba hili. Ongeza kazi ya kutandika na makopo, sema tano. Kwa miaka miwili ningepalilia zaidi ya mara ishirini. Mipira ya matone siihesabu humo, kwa sababu nilikuwa nayo. Asiyekuwa nayo aijue kabla hajanunua rola, maana kumwagilia kwa ndoo kupitia tundu la sentimita tano ni mateso.

Kuna wanaoniuliza kama nailoni hii imekatazwa tangu Juni 2019. Lile katazo ni la mifuko ya kubebea bidhaa, hii ya shambani haimo. Ila kuitoa ni wajibu wa mwenye shamba. Ile nyembamba ya kwanza niliiokota vipande kwa siku tatu, na mpaka leo uma ukiingia nakuta utepe wa fedha. Ng'ombe wa jirani alikula kipande akaugua, na ilinibidi niende kuomba radhi. Ya mikroni 30 za kweli ilitoka ndefu, tuta kwa tuta, tukaikung'uta juani ikakauka, na mnunuzi wa plastiki chakavu akaichukua. Usiichome shambani, na usiilimie ndani.

Nyota nne kati ya tano kwa nailoni yenyewe, ikiwa imepimwa. Ya tano naizuia kwa ajili ya ndago.

Rola ya tatu ipo stoo, imefika kilo 13 na robo, lakini sijaifungua. Matuta yale manne ya kijito nayachimba kwa uma tangu mwezi wa sita, na viazi vya ndago nimevianika juu ya bati la banda la kuku, ndoo ya tatu sasa. Jana nilikivunja kimoja kilichokaa juani wiki tatu, ndani bado kilikuwa cheupe na kibichi. Nimekirudisha batini.